Kutoka Usukani hadi Puani: Historia ya Miwani ya Oakley na Suala la Jina na Kazi katika Msamiati wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya jina moja la biashara, Oakley, tangu lilipoanza mwaka 1975 kwa bidhaa ya vishikio vya pikipiki hadi lilipokuwa jina la miwani ya jua inayojulikana duniani. Hoja yake ni kwamba jina hilo lilijijengea thamani kutokana na kazi mahususi, yaani kulinda jicho la mwanamichezo dhidi ya vumbi, upepo na mwanga. Na kwamba linapofika katika miji midogo ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya, mfano Hadado, mara nyingi hufika likiwa limekwisha kuachana na kazi hiyo. Aidha, makala inachunguza Kiswahili kina nyenzo zipi za kumwezesha mnunuzi kuuliza juu ya kazi badala ya jina.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa msamiati wa Kiswahili wamejishughulisha kwa muda mrefu na istilahi za fani kubwa: sheria, tiba, isimu, fizikia na, baadaye, kompyuta. Vitu vidogo vinavyouzwa juu ya turubai kando ya barabara havijapata bahati hiyo. Miwani ya jua ni kimojawapo. Huvaliwa, huazimwa, hupotea, hukaliwa ikavunjika, na ni nadra mtu kuiandikia makala.

Hadado ni mji mdogo katika eneobunge la Wajir Magharibi, Kaunti ya Wajir. Wenyeji wake wengi ni Wasomali wafugaji wa ngamia, mbuzi na kondoo. Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani na mnadani. Kiswahili ni lugha ya darasani, ya ofisini na ya safari. Katika majira ya kiangazi ambayo Wasomali huyaita jilaal, takriban kati ya Desemba na Machi, jua huwa kali tangu asubuhi na upepo huinua mchanga usoni mwa kila apitaye. Katika mazingira hayo pikipiki imekuwa chombo cha kutegemewa: hubeba abiria, maji, magunia ya sukari na hata mbuzi wa kuuzwa. Dereva wa bodaboda hushinda juani macho yake yakiwa wazi, kwa kuwa kazi yake haimruhusu kuyafumba.

Huenda msomaji akauliza kampuni iliyozaliwa California ina uhusiano gani na dereva huyo. Uhusiano upo, tena wa karibu. Jina Oakley lilianza kwa watu waliopanda pikipiki katika vumbi. Kwa hiyo, tukitafuta leo mtu anayefanana na mteja wa mwanzo kabisa wa kampuni hiyo, hatutampata katika duka la mitindo jijini. Tutampata barabara ya Hadado.

2.0 Neno miwani lenyewe

Kabla ya kulifuata jina la kigeni, yafaa tulitazame neno letu. Miwani humtatiza mwanafunzi wa sarufi kwa sababu umbo lake linaanza kwa mi- kama lilivyo umbo la miti na mikono, lakini halina umoja wake unaoanza kwa m-. Anayejaribu kuuunda umoja huo atapata mwani, naye atajikuta pwani ya Paje akivuna mazao ya baharini. Upatanisho wa kitenzi hautoi msaada wowote: miwani yangu imevunjika inakubalika iwapo tumeliweka neno katika wingi wa ngeli ya U-I au katika umoja wa ngeli ya I-ZI. Ni kivumishi kinachomfichua msemaji. Asemaye miwani nyeusi ameiweka katika I-ZI. Asemaye miwani myeusi ameihesabu pamoja na miti. Matumizi yote mawili yanasikika, na makala hii inafuata la kwanza bila kulilaani la pili.

Upande wa maana una mengi zaidi. Kila mwanafunzi aliyekariri nahau shuleni anajua kwamba kuvaa miwani ni kulewa. Mlevi huuona ulimwengu kana kwamba amepachikwa lenzi isiyo yake. Hali kadhalika, katika tamthilia zetu mhusika anayeingia jukwaani na miwani nyeusi ni nadra kuwa mtu wa heri. Mara nyingi ni kachero, au tajiri wa juzi, au kijana aliyerudi kutoka mjini na maringo. Kwa maoni yangu, jambo hili si dogo. Tasnifa ya nahau na ya jukwaa imetufundisha kuiona miwani kuwa kitu cha kupotosha au cha kuficha, wala si kifaa cha kulinda. Mzee anayemcheka kijana aliyevaa miwani ya jua mchana kweupe anatumia fasihi aliyoirithi.

Kwa wakazi wa Hadado neno letu lina washindani. Kisomali kina muraayad, ambalo humaanisha kioo, na kina ookiyaale, lililotokana na neno la Kiitaliano occhiali, ambalo nalo linatokana na occhio, yaani jicho. Neno hilo liliingia katika Kisomali kutokana na utawala wa Waitaliano nchini Somalia. Ookiyaale na Oakley hukaribiana kimatamshi kiasi kwamba mtu angeweza kuapa kwamba ni ndugu. La hasha. Oakley ni jina la Kiingereza cha kale, lenye maana ya uwazi katikati ya msitu wa mialoni. Ni sadfa tupu, ingawa tutaona kwamba Waitaliano hawakukaa mbali na jina hili.

3.0 Kishikio, vumbi na baiskeli

Jim Jannard alianzisha biashara yake kusini mwa California mwaka 1975 kwa mtaji wa dola 300. Jina hakulitafuta mbali: lilikuwa la mbwa wake, Oakley Anne. Bidhaa yake ya kwanza haikuwa na uhusiano wowote na macho. Ilikuwa vishikio vya usukani kwa ajili ya pikipiki za motokrosi, mbio zinazofanyika katika njia za udongo zenye vilima na mashimo. Vishikio hivyo vilifuata umbo la kiganja, na vilitengenezwa kwa mpira ambao, tofauti na ule wa kawaida, hushika zaidi unapolowa jasho.

Mpira huo Jannard aliuita Unobtainium. Wahandisi wa Marekani walikuwa wakilitumia neno hilo kwa utani wanapotaja malighafi wanayoiota lakini haipo duniani. Ni sawa na kusema kisichopatikana. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua kejeli hapo: kisichopatikana kinapatikana dukani, kwa bei. Kampuni haikuiacha mbinu hii. Baadaye iliita lenzi zake Plutonite na utando wake wa rangi Iridium, majina yanayonukia maabara ya kemia. Iridiamu ni metali halisi. Plutonite ni jina la kubuni tu. Mnunuzi hasomi fizikia, lakini sikio lake linaambiwa kwamba fizikia imehusika.

Mwaka 1980 kampuni ilitoa miwani ya kukinga vumbi kwa wapanda pikipiki, iliyoitwa O Frame. Mabadiliko haya yana uzito kuliko yanavyoonekana. Kishikio hufunikwa na kiganja cha anayekishika, na maandishi yake hayaonekani na mtazamaji. Mkanda wa miwani ya kukinga vumbi, kwa upande mwingine, huzunguka kofia ngumu, na kila picha ya mshindi huonyesha jina lililoandikwa juu yake. Jina lilihama kutoka mkononi kwenda kichwani, na huko likaanza kusomwa.

Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 1984 kwa bidhaa iliyoitwa Eyeshades. Tukiitafsiri moja kwa moja tunapata vivuli vya macho, jina ambalo mtu wa Wajir angelielewa bila maelezo. Ilikuwa na lenzi moja pana iliyopinda kuufuata uso, ikazuia upepo na mwanga wa pembeni. Mwendesha baiskeli wa mashindano ana mahitaji yake: lenzi isiyopasuka vipande akianguka, fremu isiyoteleza anapotoka jasho, na uwezo wa kuona pembeni bila kugeuza shingo. Mpira ule wa kishikio sasa ulipata kazi mpya puani na nyuma ya masikio. Mmarekani Greg LeMond alikuwa miongoni mwa waendesha baiskeli wa kwanza kuvaa miwani hizo, na mwaka 1986 alishinda Tour de France, akiwa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Tangu hapo mwendesha baiskeli asiye na miwani alianza kuonekana kama askari asiye na kofia.

Jina Oakley limewahi pia kuonekana usoni mwa kijana aliyejifunza baiskeli Kenya. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa katika viunga vya Kikuyu na David Kinjah wa kikundi cha Safari Simbaz, na akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006 huko Melbourne. Aliposhinda Tour de France mwaka 2013, kisha 2015, 2016 na 2017, alikuwa akishindana chini ya bendera ya Uingereza, naye alivaa Oakley. Alikuwa mshindi wa kwanza wa mbio hizo kuzaliwa barani Afrika. Barabara za udongo alizozizoea utotoni zilimpa pumzi na ustahimilivu. Miwani aliikuta alikokwenda.

Si kila aliyevaa Oakley alishinda. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Ato Boldon wa Trinidad na Tobago alikimbia akiwa na miwani iliyopita juu ya utosi badala ya kushikwa na masikio. Alipata fedha katika mita 100 na shaba katika mita 200. Watu wengi walioyatazama mashindano hayo wameisahau medali. Ile miwani hawajaisahau. Hapa tunaona jina likianza kujitosheleza.

Tukio moja lililirudisha katika kazi. Mwezi Oktoba mwaka 2010 wachimba madini 33 wa Chile walitolewa ardhini baada ya siku 69, na kila mmoja alitoka amevaa Oakley ili macho yaliyozoea giza yasidhurike na mwanga wa ghafla. Kampuni ilizitoa bure, na bei ya dukani ya miwani hizo ilitajwa kuwa takriban dola 180 kila moja. Ni kweli kwamba lilikuwa tangazo ambalo pesa haziwezi kulinunua. Hata hivyo, lilikuwa tangazo la kweli, kwa sababu lenzi ile ilifanya kile ilichotengenezewa kufanya.

4.0 Jina linapoachana na kazi

Mwaka 1985 Oakley ilitoa Frogskins, miwani ya matembezi iliyokuwa na umbo la kawaida, na mwaka 1995 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York. Mwaka 2001 kampuni ya Kiitaliano, Luxottica, ililinunua shirika la maduka la Sunglass Hut, ambalo lilikuwa mteja mkubwa wa Oakley, kisha likapunguza maagizo yake. Thamani ya hisa za Oakley ilishuka. Mwaka 2007 Luxottica iliinunua Oakley yenyewe kwa takriban dola bilioni 2.1. Ikumbukwe kwamba tangu 1999 Luxottica ilikuwa inamiliki pia Ray-Ban, jina lililoanzishwa mwaka 1937 na Bausch & Lomb kwa miwani ya marubani. Mwaka 2018 Luxottica iliungana na kampuni ya lenzi ya Kifaransa, Essilor. Vijana wawili wanaobishana lipi bora kati ya majina hayo mawili, kwa hiyo, wanabishana juu ya mifuko miwili ya suruali moja. Na mwenye kudhani kwamba Oakley na ookiyaale ni ndugu amepata, kwa njia ya biashara, nusu ya udugu alioutafuta: occhiali na Oakley sasa wanaishi nyumba moja.

Hadi hapa jina limehama kutoka kwa mwasisi kwenda kwa mnunuzi, lakini bado liko juu ya bidhaa yake. Uhamaji mwingine ni ule wa jina kuruka kabisa na kutua juu ya bidhaa isiyo yake. Miwani yenye maandishi ya Oakley au Ray-Ban inayouzwa juu ya turubai kwa shilingi mia mbili au tatu haihitaji uchunguzi wa maabara. Bei inatoa ushahidi. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, lakini sheria hiyo inamtazama zaidi mwenye jina aliyeibiwa. Mwenye jicho ana swali lake, tena la tofauti.

Swali hilo linahitaji maelezo mafupi ya kisayansi. Weusi wa lenzi na uwezo wake wa kuzuia mionzi ya urujuanimno ni mambo mawili. Rangi hupunguza mwanga unaoonekana. Mionzi haionekani, na huzuiwa na malighafi ya lenzi au utando wake. Mtu akivaa lenzi nyeusi isiyozuia mionzi, mboni yake hutanuka kwa sababu inadhani imeingia kivulini, na mlango uliotanuka unaweza kuruhusu mionzi mingi zaidi. Kukaa katika mionzi hiyo kwa miaka mingi ni mojawapo ya visababishi vya mtoto wa jicho. Haina maana kwamba kila miwani ya bei ya chini ni mbaya. Plastiki ya polikaboneti huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo hata isipotiwa rangi, na miwani isiyo na jina lolote inaweza kuifanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba dereva wa Hadado anasoma jina, ambalo ni la uongo, na hana namna ya kusoma kazi, ambayo huenda ikawa ya kweli.

5.0 Gogozi, omo na mnunuzi wa Hadado

Kiswahili kina mazoea ya kuyameza majina ya biashara na kuyageuza kuwa nomino za kawaida. Omo ni sabuni yoyote ya unga, kolgeti ni dawa yoyote ya meno, pampasi ni nepi yoyote ya kutupwa, panadoli ni kidonge chochote cha kutuliza maumivu. Ajabu ni kwamba miwani ya jua imeikwepa hatima hiyo. Lugha sanifu imeipa jina la kikazi: ni miwani, na ni ya jua. Vijana wengi nchini Kenya nao husema gogozi, neno lililotokana na jina la Kiingereza la miwani ya kukinga vumbi.

Neno hili gogozi halistahili dharau inayolipata kutoka kwa walimu wa usanifu. Bila kujua, wasemaji wake wamehifadhi historia ambayo matangazo ya mitindo yameisahau: kwamba kifaa hiki, kwa jina hili la Oakley walau, kilianzia katika vumbi la pikipiki. Msemaji wa gogozi anayeendesha bodaboda analitumia neno karibu na asili yake kuliko mwanamitindo yeyote.

Majina haya yote mawili, hata hivyo, yanaishia mlangoni. Miwani ya jua inasema kifaa ni cha wakati gani, wala haisemi kinafanya nini kwa jua. Mnunuzi anapotaka kuchagua kati ya mbili zilizofanana, lugha humwachia rangi, umbo na maandishi. Naye huchagua maandishi.

6.0 Urujuanimno na vitenzi viwili

Kwenye baadhi ya miwani kuna kibandiko kidogo chenye herufi UV na tarakimu 400. Maana yake ni kwamba lenzi inadaiwa kuzuia mionzi yenye urefu wa wimbi hadi nanomita 400, yaani urujuanimno wote. Kibandiko chenyewe chaweza kughushiwa kama jina linavyoghushiwa, lakini walau kinadai jambo linaloweza kupimwa, na wauzaji wa miwani za macho wenye kifaa cha kupimia hulipima kwa dakika moja.

Istilahi urujuanimno imeundwa kwa ustadi wa kimofolojia: urujuani, ile rangi ya mwisho katika upinde wa mvua, na mno. Shida ni kwamba mno kwa msemaji wa kawaida ni sana, kupita kiasi. Anayelisikia neno kwa mara ya kwanza atadhani ni zambarau iliyokolea, kitu kinachoonekana tena kwa nguvu, ilhali kinachotajwa ni kile kilichoko ng'ambo ya mpaka wa kuona. Na akidhani kwamba adui anaonekana, ataamini pia kwamba kinga inaonekana, na atainunua lenzi iliyo nyeusi zaidi. Sipendekezi istilahi hiyo iondolewe vitabuni. Napendekeza isibebeshwe mzigo wa kibandiko.

Kwa kibandiko, Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyokwisha kukomaa, kutia giza na kuchuja. Kila mtu aliyewahi kunywa chai anajua kwamba kuchuja ni kuacha kinachofaa kipite na kuzuia kisichofaa. Maneno Inachuja mionzi ya jua, yakifuatwa na ile tarakimu 400, yanatosha upana wa kibandiko. Muhimu zaidi, yanampa dereva wa bodaboda swali la kumwuliza mwuzaji kabla ya kutoa pesa mfukoni: hii inachuja, au inatia giza tu? Mwuzaji asiyejua jibu atalazimika kumwuliza aliyemwuzia Wajir mjini, na huyo amwulize wa Garissa au wa Eastleigh.

Vitenzi hivyo viwili bado havijafanyiwa kazi kwa upande wa Kisomali, ambacho ndicho kinachotumika zaidi katika mazungumzo ya bei pale Hadado. Chuja la Kiswahili na mwenzake wa Kisomali anayetumika kwa maziwa na chai huenda wasitanue maana zao kwa namna moja. Hilo linahitaji mtafiti anayezijua lugha zote mbili, atakayekaa sokoni na kusikiliza wauzaji na wateja wakijadiliana bei.